Ukurasa Uliong'olewa

Mara ya kwanza Gakii aliisoma ile sentensi akaona haimhusu. Aliporudia kuisoma, aliisogelea skrini.

Ilisema kwamba gundi hii isitumike kuning'inizia mzigo wa kudumu juu ya vichwa vya watu. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza kikavu cha watu wa maabara, wasiopandisha sauti hata wakitangaza msiba. Chini yake walieleza sababu. Gundi ikikaa kwenye joto huku imebeba uzito mchana na usiku, hulegea kidogo kidogo, na boliti iliyogandishwa nayo huanza kushuka. Haipigi kelele wala haitoi dalili. Hushuka mpaka siku inapochomoka.

Ilikuwa Ijumaa mchana, ofisini kwao Fort Worth, na Gakii alikuwa akitafuta boliti za kushikilia mabomba ya mteja fulani. Kampuni ilikuwa imejisajili kwenye hifadhi moja kubwa ya mtandaoni ya viwango vya uhandisi na ripoti za majaribio. Unaandika jina la kitu, nayo inakuletea toleo linalotumika leo, na yale yaliyofutwa inayapiga mstari mwekundu ili usije ukajidanganya. Gundi ile aliijua. Alikuwa ameichagua yeye mwenyewe, akaigongea muhuri wake wa uhandisi, kwa kazi ya kanisa lao kule Mesquite. Dari nzito ya mbao, yenye taa na spika zake, ilikuwa inaning'inia juu ya kwaya tangu Pasaka kwa boliti kumi na mbili zilizogandishwa kwenye zege kwa gundi hiyo.

Na sasa ulikuwa mwezi wa nane. Kanisa lile lilikuwa ghala zamani, na kiangazi cha Teksasi kinajulikana. Huku chini waumini hupulizwa na viyoyozi, lakini ukipanda ngazi ukafika karibu na zege la paa unavuta pumzi kama uliyeingiza kichwa kwenye tanuri.

Kichekesho, kama kipo, ni kwamba Gakii aliponzwa na uaminifu wake. Usajili wa kampuni ni wa kazi za kampuni tu, na yeye si mtu wa kuiba hata kalamu. Kazi ya kanisa aliifanya kama sadaka, tena bila bosi wake kujua. Kwa hiyo alipohitaji ripoti ya gundi hakuigusa hifadhi ya ofisi. Alikwenda kwenye maktaba ya kundi. Wahandisi Wakenya wa Teksasi wana maktaba yao mtandaoni, inayotunzwa na Otieno wa Stafford, kando ya Houston, na kila mtu huweka humo alichonacho. Ni watu waliozoea kuazimana mahema na sufuria za pilau, sasa nani atanunua kiwango kwa bei ya ng'ombe wakati mwenzake anacho? Ripoti aliikuta humo, safi, majedwali yote yapo. Ukurasa wa kwanza tu ndio haukuwepo. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini wahenga hawakuwahi kununua viwango Amerika.

Jumapili hiyo kwaya ya Houston ilikuwa inakuja kuwatembelea. Kwaya mbili zingesimama chini ya dari ile, na katika safu ya mbele angekuwepo Mwende, binti yake wa pekee.

Gakii alifunga kompyuta, akaaga kwamba kichwa kinamuuma. Haukuwa uongo.

Alimkuta mumewe jikoni, nyumbani kwao Mansfield, simu kaibana kwa bega huku anakatakata nyama. Mutuku ni nesi, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya kanisa, cheo alichojivunia kuliko unesi wenyewe.

"Baba Mwende, kata simu."

"Niko na pastor. Tunapanga nani atalaza wageni."

"Kata."

Alikata. Gakii akamweleza akiwa amesimama, mkoba bado begani. Mutuku alisikiliza mpaka mwisho bila kukiweka kisu chini.

"Na ni wewe ulisign."

"Ni mimi."

"Uko sure? Ama ni wasiwasi? Maana wewe hata jiko ukilizima lazima urudi ku-check mara tatu."

"Hapo ndipo sijui. Hiyo kampuni ina gundi mbili, majina karibu moja. Iko ya kawaida na iko ya kuvumilia joto. Wamekataza ya kawaida. Sisi tuliagiza ile ya kwenye ripoti, na jina kamili huwa ukurasa wa kwanza, pamoja na tarehe. Kopi yangu haina huo ukurasa."

"Uli-download kitu haina ukurasa wa kwanza na hukuuliza?"

"Vya Otieno vyote viko hivyo. Nani huuliza?"

Mutuku aliosha mikono polepole. "Basi uliza kwanza, kabla hujatuanika. Hao watu walikupigia makofi, Mama Mwende. Mimi niliwaambia, kwa nini tulipe injinia wa nje na tuko na wetu? Nilisema hivyo mbele ya kanisa nzima."

Gakii alimpigia Otieno. Hakushika. Baadaye ukaja ujumbe: "Dada, mambo ya maktaba si ya simu. Karibu home kesho."

Usiku alilala chali akiitazama dari ya chumba chao. Kila jengo lina dari, na hajawahi kuogopa hata moja.

Asubuhi, kabla ya kuondoka, alisimama mlangoni pa chumba cha Mwende.

"Kesho usiimbe, Mwende."

"What? Why?"

"Koo lako halijapona vizuri."

"My throat is fine. I have a solo!"

"Nimesema usiimbe."

Aliufunga mlango kabla binti hajalia. Njiani, kwenye ile barabara ndefu ya kushuka Houston, maneno yale yalimrudia, akafungulia redio asiyasikie.

Nyumba ya Otieno ilikuwa inanuka nguo zilizopigwa pasi. Mkewe, Clothilde, Mkongomani mnene mcheshi, alikuwa ametandaza vitenge vya kwaya kwenye makochi yote, hakuna pa kukaa.

"Karibu, ma sœur, dada yangu! Kesho tunakuya kwenu, hein? Tutaimba mpaka paa ifunguke!"

Gakii alimtafuta Otieno kwa macho. Otieno akamwahi, akampeleka gereji ambako alikuwa na meza yake na kompyuta. Alikuwa mtu mzima mwenye haya, aliyekuwa akimjibu kila mhandisi mgeni aliyeomba msaada, saa yoyote. Nusu ya vijana wa kundi walipasi mitihani yao ya leseni kwa vitabu alivyowapa yeye.

"Ripoti ya gundi," Gakii alisema. "Ukurasa wa kwanza uko wapi?"

"Niliutoa."

"Kwa nini?"

Otieno alishangaa kuulizwa. "Huwa natoa za vitu zote, dada. Si ukurasa wa kwanza ndio huwa na jina ya mtu ame-download? Jina, email, kampuni yake, kila kitu. Mtu amekupa kitu na roho safi, halafu umuanike? Hiyo ndiyo heshima ya group."

"Na tarehe je?"

"Tarehe gani?"

"Tarehe ya ripoti, Otieno. Na jina kamili la gundi, na mpaka lini inatumika. Vyote viko ukurasa huohuo."

Otieno aligeukia kompyuta, akaanza kupekua barua pepe za zamani, na Gakii akabaki amesimama nyuma yake akimtazama kisogo. Alimwomba Mungu kimoyomoyo iwe gundi ya joto. Aliomba vibaya, kama mtoto, akiahidi mambo asiyoweza kuyatimiza.

Ukurasa ulipofunguka, wote wawili waliusoma. Ilikuwa gundi ya kawaida. Muda wa ripoti ulikuwa umekwisha hata kabla kanisa halijanunua lile ghala.

"Nilikuwa nafunika mtu," Otieno alisema taratibu. "Walahi nilikuwa nafunika mtu tu."

"Najua."

"Dada, nakuomba. Fanya yenye utafanya, lakini usitaje maktaba. Kampuni yangu ndiyo inaniombea green card, karatasi ziko huko mezani kwao sahii. Bosi akisikia nina-share vitu za ofisi, ameniachisha. Tunarudi zero, mimi na watoto."

"Na kesho? Kesho mke wako anaimba chini ya hiyo kitu."

Ni wazi Otieno hakuwa ameliwaza hilo. Alitazama mlango wa kuingilia ndani, ambako Clothilde alikuwa akiimba peke yake juu ya pasi, kisha akanong'ona, "Clothilde hatakuja. Nitasema anaumwa."

Gakii alitaka kumzaba kofi. Ghafla akakumbuka koo la Mwende, solo ya Mwende, na ule mlango alioufunga haraka asubuhi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Wote wawili walikuwa wameshawatoa watu wao chini ya dari, wakawaachia wengine wasimame pale. Aliondoka bila kuonja chai.

"Tufanye hivi," Mutuku alisema jioni, baada ya kuambiwa. Hakuwa tena anabisha. Alikuwa anaogopa, na Mutuku akiogopa hupanga mambo. "Nimeongea na pastor. Kwaya itasimama upande wa kushoto. Hata yeye nimemwambia ni sababu ya camera ya livestream. Monday tuite fundi, kimya kimya, ashushe hiyo kitu. Hakuna mtu ataumia na hakuna mtu atajua."

"Na muhuri wangu?"

"Muhuri hauanguki, Mama Mwende. Dari ndiyo huanguka. Tutoe watu chini yake, basi."

Gakii alikubali. Leseni yake, kazi yake, nyumba yenyewe waliyokaa, vyote vilisimama juu ya muhuri ule, na woga ulimwambia heri nusu shari kuliko shari kamili. Hata alimruhusu Mwende aimbe, kwa kuwa sasa kwaya ingekuwa pembeni. Binti alimkumbatia kwa furaha, naye alijiona mwongo.

Jumapili mpango ule ulianza vizuri. Kwaya ya nyumbani ilijipanga kushoto kama ilivyoambiwa. Kisha wakaingia wageni wa Houston, wengi kuliko walivyotarajiwa, na mbele kabisa Clothilde, mzima wa afya kama siku zote, maana Otieno hakuthubutu hata kumdanganya. Otieno mwenyewe alikaa nyuma, karibu na mlango, hakumtazama Gakii.

Upande wa kushoto ulijaa. Walioimba sauti nzito wakasogea hatua moja kulia, wengine wakasogea nao. Mutuku aliinuka nusu kwenye kiti chake akawaonyesha kwa mkono warudi, nao wakadhani anawasalimia, wakampungia. Halafu watoto wa Sunday school, walipoona ngazi za jukwaani ziko tupu, wakaenda kukaa pale pale chini ya dari, kama walivyozoea, kwa sababu ndipo kiyoyozi kinapopuliza. Mwende akatoka kwenye safu kwenda kuwanyamazisha. Alichuchumaa katikati yao, kidole mdomoni.

"Tuombe," akasema Pastor Kigen. Watu wakafumba macho.

Gakii hakufumba. Aliitazama ile dari, mbao zake nzuri zilizong'arishwa, akahisi inapumua. Alijua haipumui, ni macho yake tu. Lakini alijua pia kwamba hakuna aliye chini ya paa lile anayejua anachokijua yeye, na kwamba nusu shari aliyoichagua ilikuwa imekwisha zamani. Akasimama. Akapita katikati ya viti kwenda jukwaani.

"Mwende," alisema alipofika. "Toa watoto. Toa wote, nje."

"Mum, they're praying."

"Toa!"

Sauti ile ilipasua sala. Macho yakafumbuka kanisa zima. Pastor alishusha mikono. "Sister Gakii? Kuna shida?"

Gakii alichukua kipaza sauti mkononi mwa Pastor. Baadaye hakukumbuka alivyokichukua.

"Tafadhali mtoke nje. Hii dari inaweza kuanguka. Niliichora mimi, na nilikosea mimi. Nilitumia karatasi ya zamani na sikuangalia. Tafadhali, tokeni."

Hakuna aliyetoka. Watu walitazamana, na minong'ono ikaanza. "Si ndiye huyu tulimpigia makofi?" mama mmoja aliuliza, wala hakujisumbua kupunguza sauti. Mwingine akasema huenda amechoka, hawa wenye masomo mengi huchoka kichwa. Kisha, mmoja mmoja, wakamgeukia mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, awaambie waamini lipi.

Mutuku aliinuka. Neno moja tu lingetosha, kwamba mke wangu hajisikii vizuri, na kila mtu angekaa chini kwa huruma. Gakii aliona kwamba neno hilo lilikuwa mdomoni mwake kweli. Lakini Mutuku alimtazama binti yake, aliyekuwa bado amechuchumaa na watoto.

"Kwani hamjasikia?" akafoka. "Injinia amesema tutoke. Beba watoto!"

Ibada ilimalizikia kwenye maegesho ya magari, juani, kwaya mbili zikiimba bila spika huku akina mama wakijipepea kwa bahasha za sadaka. Gakii alisimama peke yake kando ya gari lao. Hakuna aliyemtukana. Walimkwepa tu, na Mutuku alizungumza na kila mtu isipokuwa yeye.

Alasiri walikodi jukwaa la kupandia. Pastor Kigen alisema anataka kuona kwa macho yake, akavua koti, wakapanda pamoja mpaka kwenye lile joto la juu. Boliti ya kwanza ilikuwa sawa, na ya pili. Pastor alianza kumtazama Gakii kwa jicho fulani. Kwenye ya tatu, ile sahani ya chuma iliyopaswa kubana zege ilikuwa imeachana nalo. Pastor alichomeka kidole kwenye ule mwanya, kikaingia chote, kikakomea kwenye pete yake ya ndoa. Alikitoa polepole sana, akaogopa hata kukohoa.

"Watoto hukaa hapa kila Sunday," alisema.

Waliposhuka, Pastor alitoka nje akakaa kwenye lami, na Mutuku akamletea maji.

Jumatatu asubuhi Gakii aliegesha gari mbele ya ofisi yao, lakini hakushuka. Alikuwa amekuja kumwambia bosi yote, na baada ya bosi ingekuwa zamu ya bodi ya wahandisi. Mutuku alikuwa amemwambia jambo moja tu tangu jana, akiwa anavaa viatu vya kazi: "Sijui tutaishi aje, lakini bora wewe." Hakusema bora wewe kuliko nini, na Gakii hakuuliza.

Kulikuwa na kitu kilichomnyima usingizi kuliko bosi na bodi. Ripoti ile ilikuwa bado iko kwenye maktaba, bila ukurasa wa kwanza, na hakuna aliyejua ni wangapi walioichukua. Kumwonya Otieno peke yake hakukutosha, na kuonya kundi bila kueleza kungekuwa ule mpango wa kamera tena. Aliandika kwenye kundi kwa jina lake, akataja gundi, dari, muhuri na kosa lake. Aliandika kwamba kurasa za kwanza zote zimetolewa na kwamba kila aliyechukua kitu humo akathibitishe kwa wenye ripoti, hata kama ni kununua. Jina la Otieno hakulitaja. Halikuwa na haja ya kutajwa, kila mtu analijua, na hilo lilimuuma. Akatuma.

Aliona alama za waliosoma zikiongezeka, na hakuna aliyejibu, hata wale wasiokosa kutuma amina kila asubuhi.

Simu iliita. Jina lilikuwa la Patroba, kijana wa upande wa Houston, aliyepata leseni mwaka jana.

"Dada Gakii." Alikuwa anahema. "Ile ripoti ya gundi. Mimi pia niliitumia."

"Wapi?"

"Wife ana daycare. Tulining'iniza platform ya AC kwa slab ya zege, nikachora mimi. AC mbili. Iko juu ya chumba cha kulala watoto."

"Uko wapi sahii?"

"Niko hapa hapa. Wazazi wamemaliza kuwaleta. Dada, nifanye nini? Nikisema, county watafunga. Si nika-confirm kwanza? Nita-download ile mpya nione—"

"Patroba, nisikilize. Watoe."

"Lakini si lazima iwe—"

"Watoe nje wote, hata wenye viatu na wasio na viatu. Utasoma baadaye. Na usikate simu."

Gakii akasikia nyayo zake, kwanza za kutembea, halafu za kukimbia, na sauti yake ikimwita mkewe kwa nguvu. Mlango ulifunguliwa, na kelele za watoto zikajaa simu, wadogo sana, wakicheka kwa kudhani ni mchezo. Gakii alifumba macho ndani ya gari, simu imemganda sikioni, akaanza kuwahesabu kwa sauti zao wakitoka.